Chakula kibaya kwenye mgahawa wa bei kali: ulipe bili nzima au ugome?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili hili bila matusi. Kuna mgahawa mmoja Masaki, Dar es Salaam, jina naliacha: mwanga hafifu, muziki wa chini chini, mhudumu anakutandikia kitambaa mapajani. Tulikuwa wawili. Kamba kochi wa 95,000 amekaushwa mpaka nyama inagoma kisu, wali wa nazi wa baridi katikati, mchicha una mchanga. Bili 236,000. Tukalipa yote, tukanung'unika njia nzima mpaka Mwenge.

Hoja yangu ni kwamba bei ni ahadi. Anayeniuzia sahani ya 5,000 ameniahidi nitashiba. Anayeniuzia ya 95,000 ameniahidi kuna mtu jikoni anayeonja kabla sahani haijatoka. Ahadi ikivunjwa, kilichoharibika kiondolewe kwenye bili, na liwe jambo la kawaida, siyo fadhila ya meneja. Fundi akikushonea suti mkono mmoja mfupi, humlipi mpaka arekebishe. Mpishi ana upekee gani?

Mtu wa Tandika

Swali moja tu. Mlikula?

Mleta mada

Kamba tulimfikisha nusu. Wali ulibaki. Mchicha tuliuacha.

Mtu wa Tandika

Nusu ya kamba iko tumboni halafu unataka kugoma. Haya.

Mhudumu wa zamani

Nimebeba sahani Masaki na Oysterbay kabla sijafungua biashara yangu, kwa hiyo niwaambie upande ambao mteja hauoni. Ukigoma kulipa, mara nyingi mwenye mgahawa haumii. Mwisho wa mwezi ile pesa inatokea kwenye makato ya dada aliyekuhudumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka masharti ya kumkata mtu kwa sababu ya hasara: iwe imetokana na kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, makubaliano yawe ya maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira. Kamba kukauka siyo kosa la mhudumu hata kidogo. Lakini nani atakwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa ajili ya elfu tisini wakati kazi bado anaitaka?

Sisemi ulipe ukae kimya. Lalamika mapema, na umlalamikie anayehusika. Matonge mawili yanatosha kujua kama chakula ni kibaya. Weka uma chini, mwite mhudumu, mwombe akuitie meneja, na yeye mwenyewe usimfokee kwa sababu hakupika. Sahani ikirudi jikoni karibu nzima, meneja anaweza kuagiza upikiwe upya, akubadilishie, au aiondoe kwenye bili. Na aiondoe kabla risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, haijachapwa! Ikishatoka, mauzo yameshahesabiwa TRA, mamlaka ya mapato, na kuyarekebisha ni karatasi na maelezo, ndiyo maana utaambiwa "mfumo haukubali".

Ukisubiri mmemaliza, kahawa mmekunywa, bili imeletwa, ndipo useme samaki alikuwa mbaya, hata meneja mwenye roho nzuri atashindwa kukutofautisha na wale wanaokuja kula bure. Na wapo, nilikuwa nawajua kwa sura.

Jikoni

Mimi ni mpishi. Hiyo "bei ni ahadi" ni tamu, lakini hesabu haijakamilika. Katika 236,000, VAT ya asilimia 18 ni 36,000, hiyo siyo ya mgahawa. Zinabaki 200,000. Kanuni ya kawaida ya biashara hii ni kwamba malighafi zisizidi kama theluthi ya bei, kwa hiyo vyakula vyenyewe mlivyowekewa mezani ni kama elfu sitini na kitu. Nyingine ni pango, jenereta, mishahara, viyoyozi, glasi zinazovunjika, na huo mwanga hafifu ulioutaja. Ulinunua mahali, mkuu.

Ila kamba aliyekaushwa simtetei. Nyama yake haina mafuta ya kuiokoa, dakika chache za ziada kwenye mkaa na ameshaharibika. Ninachokiona sana ni hiki: anapikwa nusu mchana, anakaa kwenye friji, usiku anapashwa. Hapo umempika mara mbili. Kabla ya kuagiza uliza kama ni wa leo au ametoka kwenye barafu. Mhudumu akigeuka kutazama jikoni kabla ya kukujibu, agiza kuku.

Mleta mada

Hesabu yako inanisaidia mimi. Kama theluthi mbili za pesa yangu hazikwenda kwenye chakula, basi humo humo nimemlipa mtu wa kuhakikisha ile theluthi moja inafika mezani ikiwa sawa. Mama ntilie hana meneja wala kiyoyozi, na wali wake haujawahi kunifikia wa baridi.

Fundi Bajeti

Mnakwenda Masaki kutafuta kushiba? Kule watu wanakwenda kupiga picha, chakula ni pambo la meza. Picha zilitoka vizuri?

Mleta mada

Zilitoka vizuri, ndiyo inayoniuma.

Mvita

Ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Huku Katiba ya 2010, ibara ya 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na fidia akipata hasara kwa kasoro zake. Tuna na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kwenye karatasi hatuna njaa.

Mezani sasa. Bili inakuja na VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, na hoteli nyingine zinapachika asilimia 5 au 10 ya huduma. VAT na ushuru ni vya serikali, sina neno. Ugomvi wangu ni hiyo ya huduma. Nimesubiri saa nzima, samaki amekuja baridi, halafu nalipia huduma kabla sijaulizwa kama nilihudumiwa! Kuna hoteli niliomba waitoe, wakanionyesha imeandikwa chini ya menyu. Kweli imeandikwa, kwa herufi za kutafutia miwani. Mimi naona kabla ya kubishana juu ya kamba, hiyo asilimia ya huduma ndiyo ifanywe hiari kwanza.

Mhudumu wa zamani

Hapo nakuunga mkono nusu. Kuna sehemu ile asilimia inagawanywa kwa wahudumu na watu wa jikoni, ukiitoa umemkata yule yule dada. Kuna sehemu inaingia mfukoni kwa tajiri moja kwa moja. Muulize anayekuhudumia, kwa sauti ya chini. Atakwambia.

Wakili wa Mtaani

Kwa Tanzania Bara: ulinzi wa mlaji umebebwa na Sheria ya Ushindani ya 2003, chini ya FCC (Tume ya Ushindani), na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 214, nayo inadai bidhaa ifae kwa matumizi iliyonunuliwa. Lakini mnachanganya vitu viwili hapa. Kamba aliyeoza ni kesi. Kamba mkavu ni ladha, na ladha mbele ya hakimu ni safari ndefu. Mchanga kwenye mchicha uko katikati, na mimi ningeusimamia huo huo mchanga nikaacha mengine.

Na kuinuka ukaondoka bila kulipa kunakugeuza wewe kuwa mtuhumiwa. Polisi hawatauonja wali. Ukishindwana na meneja, lipa, andika malalamiko siku hiyo hiyo, tunza risiti.

Mleta mada

Kwa hiyo kamba mkavu wa 95,000 ni "ladha" tu, niende nikalale?

Wakili wa Mtaani

Inategemea walimwelezaje. Sheria hiyo hiyo ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kama menyu iliahidi kitu ambacho hakikuwepo, hatuzungumzii ladha tena, tunazungumzia maelezo ya uongo. Menyu unayo?

Mleta mada

Ipo mtandaoni. Nanukuu: "Kamba kochi wa leo, moja kwa moja kutoka kwa mvuvi, amechomwa papo hapo."

Jikoni

Papo hapo! Kamba niliyeelezewa hapa alishapitia friji.

Wakili wa Mtaani

Hilo ni neno lako, mpishi, huna ushahidi na hukuwepo. Mleta mada, waandikie kwa adabu, waulize kamba wa usiku ule alinunuliwa tarehe ngapi. Weka nakala ya menyu kabla hawajaibadilisha.