Pasaka Ssese: nimelipia hema ufukweni, nimelazwa mgongoni mwa spika

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa stendi ya Masaka, Uganda, gari halijajaa, vifundo vya miguu vimevimba kwa mbu, na shemeji yenu hajasema na mimi tangu kivuko cha Luku. Kwa hiyo nina muda na nina hasira.

Sisi ni Watanzania, mimi wa Bukoba, mwenzangu wa Tanga, mwaka wa tatu huu tunafanya kazi Kampala. Gari hatuna. Tuna mabegi mawili ya mgongoni na hema la watu wawili tulilookota kwenye mitumba ya Owino, na likizo zetu zote ni za kubeba begi na kupanda kilichopo. Tumezunguka hivyo Kabale, tumefika Sipi, hatujawahi kulia.

Wiki mbili kabla ya Pasaka nikaona picha: ufukwe wa Lutoboka, kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria, hema moja, moto wa kuni, ziwa limetulia kama maji ya kwenye sufuria. Hakuna mtu. Visiwa vya Ssese viko 84, na mimi katika 84 nikachagua hicho. Nikapiga simu, dada akanipokea vizuri mno. Kiwanja cha hema, usiku tatu, chai ya asubuhi ndani yake, 180,000 za Uganda. Nikamuuliza mara mbili: kuna utulivu? Akacheka, "Ssebo (yaani bwana), hapa ni kusikia ndege tu." Nikatuma hela na ya kutolea juu. Jina la kambi siliandiki, sina pesa ya wakili.

Ijumaa Kuu tuko Nakiwogo, pale Entebbe, saa nne asubuhi. Meli ya Bugala huondoka saa nane mchana, tukajiona wajanja. Foleni ilishapinda kona mbili. Kijana mmoja akaja kutunong'oneza kwamba tiketi zimekwisha, ila yeye anazo mbili za ndugu zake walioahirisha. Tukanunua mara mbili ya bei. Tunapanda, naangalia dirishani: tiketi bado zinauzwa. Mke wangu akaangalia dirisha, akaniangalia mimi, akaangalia maji. Hakusema kitu. Watu wa Tanga wakikuchukia hawapigi kelele.

Saa tatu na nusu za safari, kila kikundi na spika yake ya mkononi na chupa zake za waragi. Nikasema moyoni hawa wanaenda kwingine.

Wote walikuwa wanakuja kwetu.

Kambi niliyoiona kwenye picha ipo kweli, mchanga upo, ziwa lipo. Ila mbele yake kumesimamishwa jukwaa, spika nne zimepangwa kimo cha mtu, na kiwanja chetu kiko nyuma ya jukwaa, hatua kama kumi kutoka kwenye jenereta. Mahema niliyoyahesabu kabla giza halijaingia yalikuwa thelathini na mawili, yamebanana hadi kamba za hili zinapita chini ya lile. Nikamfuata yule dada wa simu. "Bambi (pole) ssebo, sikukuu hii. Kesho watapunguza." Nikamuuliza na ndege je? Akadhani naulizia uwanja wa ndege.

Usiku wa kwanza muziki ulizimwa saa kumi na moja alfajiri, na ni kwa sababu jenereta liliishiwa mafuta. Katikati hapo jamaa na mpenzi wake walifungua zipu ya hema letu wakaingia kabisa, wakakaa, wakaanza kuvua viatu. Nawaambia hili si lenu, msichana ananiambia mimi ndiye niliyepotea. Mwingine alisimama kukojoa kwenye kona ya hema huku akituombea Pasaka njema. Asubuhi tukakuta tundu la sigara kwenye paa, la duara, safi kama limepimwa.

Chai ya asubuhi ilitoka saa tano. Chapati moja ya jana kwa watu wawili, na kikombe kikielea wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Mimi wa Bukoba nimewazoea, unawatoa kwa kidole unakunywa. Mtu wa bahari aliweka kikombe chini taratibu. Mayai? Mayai ni ya waliolala vyumbani. Bafu moja, na maji yanavutwa na lilelile jenereta, kwa hiyo ukitaka kuoga lazima muziki uwake. Nilimwambia akaoge ziwani, akanijibu neno moja: "Kichocho." Na kweli, siwezi kubishana.

Jumamosi mchana nikasema tujiokoe, tutafute kisiwa kingine. Mwenye mtumbwi wa injini akakubali 40,000 kwa wote wawili. Tunafika majini tunakuta tayari wamekaa saba, na jaketi za kuokolea ni mbili, moja haina mikanda. Namuuliza zetu ziko wapi, ananiambia yeye hajawahi kuzamisha mtu. Wakuu, hapa ndipo sitaki utani. Novemba 2018 mashua ya starehe ilipinduka ziwa hilihili upande wa Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya thelathini. Nao walikuwa wanacheza muziki. Tukashuka. Akatutukana kwa Kiganda akidhani sisikii, na Kihaya na Kiganda ni ndugu, nilisikia kila kitu.

Mama mmoja muuza sato wa kukaanga alituonea huruma, akatupa kiti. Mngekuja Jumanne, anasema. Jumanne hata mbwa hapiti hapa. Ndiyo maana ile picha haina mtu. Mke wangu akawa anasoma kwenye simu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakoloni waliwaondoa watu wote visiwa hivi kwa ajili ya malale. Akasema, "Mbung'o wangerudi kwa wikiendi moja tu."

Sasa usiku wa pili. Mvua ya masika ilishuka saa tano, hema likachuja kupitia lile tundu, tone moja moja, kwenye paji la uso wangu. Saa tisa imekatika, vijana sita wamekuja kukaa juu ya kamba zetu na spika yao wenyewe, maana ile kubwa waliiona haitoshi. Uvumilivu ukaniishia. Nikatoka na kaptula, tochi kichwani, nikafoka kwa Kiswahili cha nyumbani: "Nyinyi! Mnafanya nini hapo? Ondokeni mara moja!"

Kimya. Spika ikazimwa. Mmoja akanyanyua mikono, "Pole afande." Kwa wasioijua Uganda: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu 2005, lakini kwa watu wengi bado ni lugha ya bunduki. Na kuanzia 2017 wanajeshi ndio waliopelekwa kuwasaka wavuvi haramu ziwani, kwa hiyo mtu wa visiwani akisikia Kiswahili kikali gizani hasubiri kuona gwanda. Hata mahema ya jirani yalinyamaza. Nikarudi ndani kama jenerali. Mke wangu akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Nakiwogo.

Tulilala dakika arobaini hivi. Nikatoka kujisaidia, yule kijana wa mikono juu akanimulika na simu kuanzia kichwani akashuka hadi miguuni, akapiga kelele kwa wenzake: afande gani huyu, amevaa ndala za pinki! Zilikuwa za mke wangu. Kicheko chao nakisikia hata sasa. Spika ikawashwa, na safari hii wakaisogeza.

Usiku wa tatu hatukuulala pale, tuliulala barazani kwa yule mama wa sato. Leo meli ya saa mbili asubuhi imejaa watu walewale, tukachukua boda hadi Luku, safari ndefu katikati ya michikichi, mabegi yakituvuta nyuma. Kivuko cha Luku kwenda Bukakata ni bure, na ndicho kitu pekee ambacho sikuibiwa tangu Ijumaa, maana hakina bei.

Nimempigia mwenye kambi mara saba nidai 60,000 ya usiku ambao sikulala na zingine za usumbufu. Ya nane amejibu kwa ujumbe: mikono miwili ya kusali na "karibuni tena". Mwenye kujua namna ya kurudisha hela iliyokwisha kutumwa kwa simu Uganda anielekeze.

Na hema linauzwa. Watu wawili, zipu nzima, tundu moja dogo juu.