Mrejesho: Mbwa wangu niliyemdekeza kupita kiasi

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri kuhusu Simba, mbwa wangu wa hapa Pasua, Moshi, ambaye nilimdekeza hadi akawa analala kitandani kwetu na kubweka wakati wa chakula mpaka apewe mtori. Mtori nimeusitisha kabisa, kwa kuwa vitunguu vilivyomo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, naye sasa hulishwa barazani, kwenye bakuli lake, sisi tukishamaliza kula. Usiku tatu za kwanza alilia huku akikwaruza mlango, na nakiri kwamba ni mama watoto aliyenizuia nisimfungulie. Siku hizi hulala kwenye mkeka wake, nami jioni humkuna masikio kwa muda mrefu, ila pale tu anapokuwa ametulia. Kitanda bado hukitazama kwa matamanio.