Niliuliza mapato na matumizi ya kijiji, nikaambiwa ninaziba jua

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika mkono ukinitetemeka, na leo hautetemeki kwa sababu ya baridi. Nimetoka mkutanoni saa mbili zilizopita, chai iliyo mbele yangu imepoa, na mke wangu amekwisha kuniambia mara tatu niache simu nile. Sitakula.

Sitamtaja mhusika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupita katika kijiji chetu, hapa ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, akaondoka bila kumfahamu. Ni yule wa koti. Koti lenyewe hutangulia kuingia mkutanoni, naye hulifuata baada ya robo saa, kisha wote wawili huketi kwenye kiti pekee chenye mto, ilhali sisi wengine tumebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa saa tatu asubuhi na ukaanza saa tano. Asiyeishi huku hawezi kuelewa maana ya saa mbili hizo. Tuko zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ni mwezi wa Julai, na tulipofika uwanjani nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, zikivunjika chini ya viatu kama maganda ya mayai. Tulisubiri mambo mawili, akidi na jua, na jua ndilo lililotangulia kutimia, likichungulia juu ya milingoti ya shule, kila mtu akisogeza dawati lake ili apate japo kipande chake.

Hapo ndipo niliposimama. Nilikuwa na stakabadhi zangu tatu za mchango wa zahanati, kila moja ya shilingi 15,000, nimezihifadhi ndani ya daftari la mjukuu wangu zisikunjike. Niliuliza kwa adabu, na nilianza kwa salamu: mchango umekusanywa mara tatu, boma la zahanati limesimama bila bati hadi ndege wamejenga humo kabla ya mganga; je, ni lini tutasomewa taarifa ya mapato na matumizi, ambayo ilipaswa kusomwa kila baada ya miezi mitatu?

Yule wa koti hakuinua uso kutoka kwenye simu yake. Alisema: "Mzee, kaa chini, unatuzibia jua."

Unatuzibia jua! Ndugu zangu, kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Mbeya mjini. Walicheka wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wakacheka mabalozi, akacheka hata jirani yangu ambaye stakabadhi zake ni nyingi kuliko zangu. Mbuzi mmoja aliyekuwa akipita alisimama akanitazama. Na mimi, ambaye wembamba wangu unafahamika tarafa nzima, ambaye kamba ya kuanikia nguo hutoa kivuli kipana kuliko changu, ninaziba jua!

Nimeisoma Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982. Inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndiyo mamlaka ya juu katika mambo yote ya sera za kijiji, na kwamba kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Halmashauri ya kijiji iko chini ya mkutano huo, na kiti chenye mto kiko chini ya halmashauri. Nimesoma kifungu kwa kifungu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki ya kuhoji hukoma pale mwananchi anapotoa kivuli.

Baadaye niliambiwa kwamba swali langu litajibiwa katika Mengineyo. Mengineyo ilipofika, mvua ya manyunyu ilianza na mkutano ukafungwa. Kwa hiyo jua nililolizuia mimi halikuwapo tena, na jibu halikuwapo pia.

Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kutazama maua yetu, eneo ambalo sisi wenyeji tunaliita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Mimi ninamwomba tu mwenye bustani ashuke siku moja akae kwenye dawati la darasa la pili asubiri Mengineyo.

Nimefika nyumbani, mjukuu wangu wa miaka sita ananiuliza: "Babu, jua umeliweka wapi?"

*

Mbegu Ya Viazi aliandika:

Shikamoo mzee. Pole sana. Tarehe 1 Septemba 2016 mimi na wenzangu tulikodi gari hadi Rujewa kutazama jua likipatwa, likabaki kama pete, na tulinunua miwani maalumu. Laiti tungejua kwamba mambo hayo hufanyika kijijini kwenu kila robo mwaka bila kiingilio.

Mpima Kamba aliandika:

Mleta uzi, bila kumtetea yule wa koti, ambaye sote tunamjua, naomba ufafanuzi wa kitaalamu. Saa tano asubuhi mwezi wa Julai, huku kusini kwetu jua huwa upande wa kaskazini mashariki. Je, wakati unauliza, ulisimama upande gani wa kiti chenye mto? Kama ulisimama kusini, umedhalilishwa. Kama ulisimama kaskazini, ni kweli ulikuwa unaziba, na hapo suala linakuwa la vipimo tu.

Mleta uzi alijibu:

Marahaba, Mbegu Ya Viazi, ingawa salamu yako ina miiba. Mpima Kamba, nilisimama pale nilipokuwa nimeketi, kwa sababu magoti yalikuwa yamekwama kwenye dawati. Hata kama ningekuwa na upana wa trekta, mtu huuliza fedha akajibiwa fedha. Unatuzibia jua! Kila nikifumba macho ninaisikia sauti ile.

Binti wa Mkulima wa Pareto aliandika:

Mzee wetu, nilikuwapo, nilikuwa dawati la tatu. Ukweli ni kwamba ulizungumza dakika kumi na nane kabla ya kufika kwenye swali, ukaanza na historia ya shule tangu ilipokuwa na paa la nyasi. Mimi nilicheka, ninakiri, lakini nilicheka kwa sababu ya mbuzi.

Mstaafu Asiyepumzika aliandika:

Ninyi mna bahati. Nyie mnaambiwa kaeni chini, maana yake mkutano upo. Kijijini kwetu mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika kabla mwanangu wa mwisho hajaota meno, naye sasa ananyoa ndevu. Muhtasari wa mikutano, hata hivyo, upo kamili kila robo, na mahudhurio yangu yamesainiwa vizuri kuliko ninavyosaini mwenyewe.

Gunia la Shingo aliandika:

Hayo ya muhtasari ni madogo. Sisi tumelalamika miaka mingi kuhusu lumbesa. Mnunuzi wa viazi anakuja na gunia lililoshonewa kofia, kofia inashonewa kofia nyingine, hadi mzigo unahitaji ngazi. Ukimweleza kiongozi wa kijiji kwamba ufungashaji huo umekatazwa na sheria ya vipimo, anakwambia nenda naye taratibu, yule ni mgeni wetu. Mgeni gani anaondoka na gunia moja na nusu kwa bei ya moja? Kisha nilipotaka barua ya kwenda kulalamika wilayani, nikaambiwa muhuri haupo.

Mkazi wa Pwani aliandika:

Samahani kuingilia baridi yenu, ninaandika kutoka Tanga kwenye joto, lakini umegusa donda. Muhuri! Mtaani kwetu barua ya utambulisho ni bure kwa maneno na shilingi 5,000 kwa vitendo. Ukiomba stakabadhi, wino unakauka papo hapo. Nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, nikitazama muhuri ulio mezani, mhusika akiniambia kwamba aliyeutunza amesafiri.

Mleta uzi alijibu:

Ndugu zangu, ninaheshimu machungu ya kila mmoja, lakini uzi huu unahusu jua. Naomba turudi kwenye jua.

Mstaafu Asiyepumzika aliandika:

Mzee, kaa chini, unatuzibia muhuri. Mkazi wa Pwani, endelea.

Mkazi wa Pwani aliandika:

Ahsante. Basi nilipoinuka kutaka kuondoka, akanifuata hadi mlangoni akanong'ona kwamba yule aliyesafiri anaweza kurudi haraka akitumiwa nauli.

Gunia la Shingo aliandika:

Huyo wenu ana utu. Wa kwetu anatembea nao. Uko ndani ya mfuko wa koti, kwa hiyo ukihitaji barua huna budi kulisaka koti, na koti likiwa kwenye kilabu cha ulanzi, barua yako itagongwa juu ya meza yenye ulanzi. Yangu ilifika benki ikinuka ulanzi kiasi kwamba karani alinitazama macho, siyo jina.

Binti wa Mkulima wa Pareto aliandika:

Koti lipi hilo? Ndilo hili letu au kuna la pili?

Mpima Kamba aliandika:

Hilo nalo ni suala la vipimo. Lina mifuko mingapi?

Mleta uzi alijibu:

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini kwa kuwa mmeufikia mfuko wa koti, nitasema. Mwaka juzi nilihitaji barua ya kumhamisha mjukuu shule. Nilikwenda siku ya kwanza, nikaambiwa koti limefuliwa. Huku kwetu, wakati wa ukungu, koti zito halikauki chini ya siku nne. Siku ya tano nilikwenda, koti limekauka, lakini muhuri ulifuliwa pamoja nalo. Barua ile ninayo hadi leo, imegongwa duara jeupe lisilo na neno hata moja, na mwalimu mkuu wa shule ya pili aliipokea bila swali, akasema anaufahamu muhuri huo, ndio unaotumika huku.

Gunia la Shingo, mfuko wa kwenu ni wa kulia au wa kushoto?