Naomba ushauri: jiokeshi za kutembea mchana kutwa milimani, sio za nyuma ya nguzo

Kibuyu cha Tabata
Wakuu, habari za jioni.

Kwa asiyejua jiokeshi: mtu anaficha kopo lenye daftari ndani, anaweka namba zake za GPS mtandaoni, wewe unalitafuta, unaandika jina na kulirudisha palepale. Mchezo ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali yao kuacha kuzivuruga makusudi GPS za raia.

Hadi sasa nimepata 11, karibu zote za mjini. Unashuka kwenye bajaji, unapapasa chini ya benchi, dakika tatu umemaliza. Nimechoka. Nataka ile ya kutembea kutwa, nione mabonde, nirudi miguu inauma.

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kikazi, nikachagua kopo lenye nyota nne za ugumu wa njia. Nikajua hapo kuna mlima. Nikavaa buti mpya, nikabeba maji lita tatu na chapati sita. Kumbe kopo liko mita arobaini kutoka maegesho ya magari, JUU YA MTI. Nyota nne ni za kupanda mti! Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Chapati nikazilia hotelini.

Niko Dar, sina gari, nafasi yangu ni Jumamosi. Kilomita 15 naziweza. Wajuzi, mnayachaguaje?

Mzee wa Vijiwe
Mtu mzima unaenda porini kutafuta kopo. Shemeji anajua?

Nyayo Mbili
Mpuuze huyo, mkuu.

Kila kopo lina nyota za aina mbili, zote kuanzia moja hadi tano. Za kwanza ni ugumu wa kulitafuta, za pili ni ugumu wa kulifikia. Hizo za pili hazikwambii kama ugumu ni umbali, mwinuko, mti au maji. Tano kwa kawaida maana yake unahitaji vifaa, mathalani kamba au mtumbwi. Wala hazisemi chochote kuhusu uzuri wa mahali.

Angalia vialama vidogo kwenye ukurasa wa kopo. Kuna cha mandhari nzuri, na kuna vya matembezi: chini ya kilomita 1, kati ya 1 na 10, na zaidi ya 10. Ukilipia uanachama unaweza kuchuja makopo kwa vialama hivyo. Ila vinawekwa na mwenye kopo mwenyewe, na wengi ni wavivu, kwa hiyo ukichuja kwa kialama peke yake utayakosa mazuri.

Mimi nafungua picha za waliolipata. Mtu aliyepanda kwa muda wa saa nne hawezi kuacha kupiga picha kule juu. Ukikuta picha kumi na zote ni za kopo lenyewe kiganjani, jua hapo hakuna cha kutazama. Halafu soma walichoandika. "Nimelipata, asante" ni la barabarani. Aya tatu zenye matope na ruba, ndilo lako hilo.

Kibuyu cha Tabata
Nyayo Mbili, asante sana. Sikuwahi hata kufungua hizo picha.

Fundi Redio
Naongeza la mshale, ule wa kwenye simu unaokuonyesha kopo liliko, maana liliniponza.

Mwaka jana, milima ya upande wa Morogoro. Saa nane mchana simu inasoma mita 640. Nikasema dakika kumi na tano, nikamaliza hata maji. Mshale unapima anapopita kunguru, mkuu, sio anapopita mtu. Katikati palikuwa na korongo. Nilirudi nyuma, nikazunguka mgongo wa kilima, zile mita 640 zikanila saa mbili na robo. Nafika, chini ya miti mikubwa GPS nayo imechanganyikiwa: ukisimama mita 9, ukipiga chafya mita 23. Kopo sikulipata. Nikashuka natembelea tochi ya simu yenye chaji asilimia sita.

Tangu siku hiyo napakua ramani yenye mistari ya mwinuko kabla ya kutoka nyumbani, maana kule mtandao hakuna. Mistari ikibanana kati yako na kopo, hapo hupiti. Na saa nane ikinikuta sijafika, nageuza.

Binti Uluguru
Kaka Kibuyu, niseme ukweli: ukilinganisha na Ujerumani au Marekani, makopo ya Tanzania ni machache mno. Usianze na kopo. Anza na njia unayoitaka, kisha fungua ramani uone kama kuna nukta karibu nayo. Ikiwepo vizuri. Isipokuwepo, umeshatembea.

Kwa mtu wa Dar asiye na gari, panda treni ya SGR ya asubuhi uje Morogoro, safari yenyewe haimalizi saa mbili. Toka mjini panda mlima kwa miguu kwenda Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Mjerumani. Unapita mashamba ya mboga yaliyoning'inia kwenye mteremko, ukigeuka mji wote uko chini yako. Ukitaka kuendelea juu zaidi, ile ni hifadhi ya msitu iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, lipia kibali na uchukue mwongozaji wa hapahapa. Usije masika. Udongo wetu ukilowa ni sabuni.

Na usidharau jiokeshi za ardhi. Hazina kopo: unafika kwenye maporomoko au mwamba, unajibu maswali kuhusu miamba yenyewe, unamtumia mwenye nayo. Zinafaa kwenye hifadhi wasikoruhusu kuacha vitu.

Mtoto wa Kisarawe
Morogoro ya nini wakati Pugu ipo? Daladala mpaka Gongo la Mboto, unaunganisha ya Kisarawe, msitu huo hapo.

Binti Uluguru
Pugu kuzuri kaka, sikatai, lakini kasema anataka milima. Vile ni vilima.

Mtoto wa Kisarawe
Sawa, sisi wa vilima tumekusikia 😂

Babu Rupia
Hamjamwambia la muhimu. Vijiji vingi hapa kwetu watu wanaamini Mjerumani alizika mali. Sasa wewe mgeni umeinama chini ya jiwe, una kimashine mkononi. Unafikiri wanakuonaje?

Mimi nilizungukwa na wazee wanne na panga moja. Nikajieleza, wapi. Nikaona bora nilifungue kopo mbele yao. Ndani: daftari, penseli, kifutio cha umbo la tembo, sarafu moja ya kigeni. Mzee mmoja akaigeuza ile sarafu mara mbili, akaniuliza, "Yaani umetoka Dar kufuata hiki?" Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya langu. Limo mpaka leo.

Kwa hiyo ukifika, kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, salimia, onyesha picha ya kopo kwenye simu. Na jembe usibebe kabisa! Sheria za mchezo zenyewe zinakataza kuchimba bila idhini ya mwenye ardhi.

Nyayo Mbili
Babu umeniua 😂 Ila ni kweli kabisa.

Kibuyu, ukiipenda hiyo njia na hakuna kopo, ficha lako. Omba ruhusa kwa wenye eneo, na liwe walau mita 161 kutoka kopo jingine. Lakini ujue ni lako kulitunza: daftari likilowa, ni wewe kupanda tena.

Kibuyu cha Tabata
Wakuu, mmenifungua macho. Nimeamua: Jumamosi ya wiki ijayo, treni ya kwanza, Morningside, saa nane nageuza. Nakuja na mdogo wangu. Dada Binti Uluguru, kule juu baridi ikoje?

Binti Uluguru
Ukungu ukishuka utatamani blanketi, beba sweta. Chapati punguza, njiani kuna ndizi. Mdogo wako ana viatu au anakuja na malapa?