MREJESHO: Nani ana nguvu zaidi kwenye benchi, mimi au mwenzangu?

Wakuu, niliuliza: mimi nina kilo 64 na nanyanyua 80 kwenye benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu kutoka kifuani), mwenzangu ana kilo 95 na ananyanyua 105. Nani yuko fiti zaidi? Asanteni kwa majibu.

Kwa kilo tupu ananishinda. Tulipogawa kwa uzito wa mwili nikapata 1.25, yeye kama 1.1. Akagoma, na hoja anayo: hesabu hiyo hutupendelea sisi wepesi, ndiyo maana kwenye mashindano hutumika fomula maalumu. Basi tukaamua kufuata sheria za mashindano, chuma kitulie kifuani kwanza ndipo usukume. Loo! Kilo zake zikashuka, kumbe alikuwa anakidundisha. Zangu nazo zilipungua, ila kidogo.

Kuhusu ufiti wenyewe, mliosema benchi inapima kifua, mabega ya mbele na nyuma ya mikono tu, mko sahihi. Pumzi na miguu haviguswi. Tulipanda ngazi mbio, wote tukahema vibaya. Tumeongeza skwati (kuchuchumaa na kuinuka) na kukimbia.

Jamaa bado anadai marudiano ya benchi.