Zuhura amepungukiwa siku nne

Kikundi cha ukoo, Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024

Zuhura (Tanga), saa 7:40 mchana
Shikamooni wazee wangu wote, na ndugu zangu habari za mchana. Nimetoka sasa hivi kwenye kituo cha kujiandikisha hapa mtaani, leo ikiwa ndiyo siku ya mwisho, na sikuandikishwa. Mwandikishaji alinipokea kwa adabu, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikamtajia 1 Desemba 2006. Akanieleza kwamba siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, tarehe 27 Novemba, nitakuwa nimepungukiwa siku nne kutimiza miaka 18. Simlaumu, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria. Ila njiani nimepiga hesabu: uchaguzi huu hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo nitakapompigia kura mwenyekiti wa mtaa kwa mara ya kwanza, mwaka 2029, nitakuwa nakaribia miaka 23. Naomba tulizungumze jambo hili kwa uzito wake. Kwa nini vijana wa miaka 16 na 17 wasiruhusiwe kupiga kura, angalau katika mtaa wanaoishi?

Mama Zuhura (Tanga), saa 7:52 mchana
Pole, mwanangu. Lakini mwakani Oktoba utakuwa umetimiza umri na utapiga kura ya Rais, mbunge na diwani. Mwezi ujao una mtihani wa kidato cha nne, nao ndio ningependa uushughulikie kwanza.

Zuhura, saa 8:05 mchana
Mama, nausoma mtihani, na katika somo la Uraia nimefundishwa kazi za mwenyekiti wa mtaa tangu kidato cha kwanza, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Mwakani nitashiriki kumchagua Rais wa nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, lakini mtu anayeitisha mkutano kuhusu mtaro wa nyuma ya nyumba yetu sitamgusa mpaka 2029. Vuli ikianza, mtaro ule ukifurika, ni sisi wanafunzi tunaovua viatu na kuvuka maji yenye taka ili tuwahi namba asubuhi. Muhuri wa serikali ya mtaa ndio nitakaouhitaji Desemba kwenye fomu ya kitambulisho cha taifa, na baadaye kwenye fomu ya mkopo wa chuo nikijaliwa. Hakuna serikali iliyo karibu nami kuliko hiyo.

Mjomba Rashidi (Korogwe), saa 8:31 mchana
Zuhura, mpwa wangu, nitakujibu kwa uwazi ingawa jibu langu halitakufurahisha. Nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka 19, na nimeona fulana, kofia na kanga zinavyogawiwa majira ya kampeni. Ikiwa mtu mzima mwenye shida hushawishika, itakuwaje kwa mwanafunzi ambaye mwalimu, mzazi na mlezi wake wote wana uwezo wa kumwamrisha? Siku hizi hizi za uandikishaji vyama vya upinzani vimelalamika kwamba katika baadhi ya maeneo wanafunzi wasiofikia umri wameingizwa kwenye orodha. Ukishusha umri, sekondari nzima inageuka ghala la kura, na mwenye ufunguo wake hatakuwa mwanafunzi.

Lakini hofu yangu kubwa iko kwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na mstari huo watu wameupigania kwa jasho. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa Mahakama Kuu, lakini Bunge bado halijairekebisha sheria yenyewe. Mimi nimekaa ofisini na baba aliyekwisha kupokea mahari ya mtoto aliyemaliza darasa la saba, na neno lake lilikuwa moja tu, kwamba binti amekomaa. Siku sheria itakaposema kwamba mwenye miaka 16 amekomaa kiasi cha kuchagua viongozi, nitamjibu nini mzee yule?

Mama Zuhura, saa 8:40 mchana
Kaka, hapo umesema jambo zito.

Latifa (Glasgow), saa 9:15 alasiri
Shikamoo Babu, shikamoo Mjomba, shikamooni mama zangu. Mimi nitaeleza niliyoyaona. Nilipiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 5 Mei 2022, nikiwa na miaka 16 na raia wa Tanzania, kwa sababu Uskoti huwaruhusu wakazi wenye kibali halali kupiga kura katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wa bunge lake. Hatukuweka alama ya vema. Tuliandika namba, 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea mpaka ulipotaka kuishia. Wiki mbili kabla, mwalimu alituletea karatasi ya mfano darasani tukafanya mazoezi, na wengi wetu tulienda kituoni na wazazi wetu. Ninaamini nisingefanya hivyo kama ningeanza nikiwa na miaka 19, nimehamia mji mwingine kwa ajili ya chuo na simjui hata jirani.

Uskoti ilianza na kura ya maoni ya uhuru wake tarehe 18 Septemba 2014, ambapo vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa na asilimia 84.6 ya wote walioandikishwa walijitokeza. Baada ya hapo hata wanasiasa waliokuwa wakipinga walishindwa kuwarudisha nyuma, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kudumu. Hata hivyo bunge la London bado linataka miaka 18. Mdogo wangu ana miaka 16, na Julai mwaka huu alibaki nyumbani siku ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, ingawa uchaguzi wa bunge la Uskoti anaruhusiwa. Austria ilishusha umri hadi 16 kwa chaguzi zote mwaka 2007, na Brazil tangu Katiba yake ya 1988 huwaachia wa miaka 16 na 17 wapige kura kwa hiari, ilhali kwa watu wazima wengi ni lazima.

Kuhusu kuamrishwa, Mjomba, asubuhi ile baba alinitajia mezani majina aliyotaka niyape namba za juu. Nilimsikiliza kwa heshima, kisha kwenye kile kibanda nikaandika namba 1 mbele ya mtu mwingine kabisa, kwa kuwa ndiye aliyekuja mtaani kwetu kuzungumzia nauli za mabasi. Baba atalijua hilo leo akisoma hapa, nami namwomba radhi kwa kumficha, si kwa kura niliyopiga.

Baba Latifa (Glasgow), saa 9:22 alasiri
Huna haja ya kuomba radhi, binti yangu. Kura ilikuwa yako.

Mjomba Rashidi, saa 9:30 alasiri
Nakushukuru, Latifa, lakini kibanda cha Glasgow kinalindwa na watu wasiomwogopa mwenyekiti wa mtaa. Siri ya kura ni kitu cha kujengwa, na huku kwetu hata watu wazima bado hawaiamini sawasawa.

Mama mkubwa Mwanajuma (Mombasa), saa 9:48 alasiri
Rashidi mdogo wangu, nakubali kwamba siri ya kura hujengwa, ila sioni itajengwaje kwa kuwaweka mbali wale walio tayari kuijifunza. Juni mwaka huu hapa Kenya tumewaona vijana wakiingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na tarehe 26 mwezi ule Rais Ruto akakataa kuutia saini. Walikuwa wameusoma muswada ule kipengele kwa kipengele, wakaufasiri kwa lugha za kwao na kuusambaza kwenye simu; mimi mwenyewe nilielezwa habari ya ushuru wa mkate na kijana wa jirani aliye kidato cha tatu, ambaye kisheria hawezi kupiga kura. Baadhi ya waliotoka hawakurudi makwao, na sisi wazazi hatujapona. Tangu siku zile najiuliza kama tungewapa karatasi ya kura mapema, na wakaona inahesabiwa kwa haki, wangehitaji kuikabili risasi ili wasikike.

Babu (Tanga), saa 10:20 jioni
Marahaba wanangu na wajukuu zangu. Nimesoma yote, na macho yamechoka, lakini jambo hili siwezi kulinyamazia.

Neno hili, kwamba mtu hajakomaa, nalifahamu tangu utoto. Mwaka 1958 nilikuwa na miaka 12. Baba yangu alikuwa mkata mkonge karibu na Muheza, mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, baba wa watoto sita, ambaye kambi nzima ilimwendea kusuluhisha magomvi yake. Tanganyika ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza hakuruhusiwa kupiga kura, kwa sababu kutimiza miaka 21 hakukutosha. Mtu alitakiwa pia awe na kiwango fulani cha elimu, au cha mapato, au awe na cheo kilichotajwa. Wale wachache waliofaulu masharti hayo walipaswa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. TANU nusura ipasuke kwa ajili ya kura tatu, mpaka Nyerere alipowashawishi wajumbe Tabora, Januari mwaka ule, kwamba waingie katika uchaguzi hivyo hivyo. Watawala walitueleza kwamba wananchi wengi hawajawa tayari. Desemba 1961 nchi ikapata uhuru, na watu wale wale walioambiwa hawako tayari wakaanza kuiendesha.

Baba alikuwa akiniuliza, nani aliyempima, na kwa mizani gani? Swali hilo nimelibeba katika miaka 34 ya ualimu. Nimesimamia uchaguzi wa viranja mara nyingi, na mwaka mmoja watoto wa darasa la sita walimnyima kura kijana ambaye sisi walimu tulimpenda kwa unadhifu na utii wake. Nilikasirika, nikadhani wamefanya utoto. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiwapiga wadogo nyuma ya vyoo, nao wote walijua isipokuwa sisi. Zuhura ana miaka 17 na anaujua mtaro ule kuliko mimi nisiyetoka tena uani.

Mjomba Rashidi, saa 10:33 jioni
Baba, habari ya kura tatu inanigusa, kwa kuwa babu hakuwahi kunisimulia mwenyewe. Lakini mtu mzima aliyenyimwa kura aliporwa haki yake, na mtoto anayesubiri ataipata kwa kungoja tu. Na swali langu kuhusu mzee wa mahari bado halijajibiwa.

Zuhura, saa 11:10 jioni
Mjomba, sikuwa nimeifikiria hoja hiyo, na nimekaa nayo mchana wote. Darasani kwetu yumo mmoja aliyeondoka kidato cha pili kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo sitaijibu kwa wepesi.

Sheria zetu tayari zina umri tofauti kwa mambo tofauti. Mtoto wa miaka 12 anaweza kubeba lawama ya kosa la jinai, wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, mwenyekiti wa mtaa anatakiwa awe na miaka 21 na mgombea urais 40. Mtu wa miaka 39 hawezi kugombea urais, wala hakuna anayemwita mtoto kwa sababu hiyo. Ndoa humchukua binti mwenyewe, mwili wake na shule yake, na akiharibikiwa hakuna wa kumrudishia miaka ile. Kura yangu ingekuwa moja kati ya mamia, nikikosea wengine wangenirekebisha, na baada ya miaka mitano sote tungechagua tena.

Kuna jambo jingine ningependa ulitazame wewe uliyekaa ofisini. Yule binti wa darasa la saba alipoletwa mbele yako, ni nani kati ya waliokuwa mle ndani aliyemhitaji kwa lolote? Baba yake alikuwa mpiga kura, mposaji alikuwa mpiga kura, mashahidi wote walikuwa wapiga kura. Wasichana wa miaka 16 na 17 wa mtaa mzima wakiwa na kura, mwenyekiti hatamfukuza kirahisi anayekuja kuomba ndoa izuiwe.

Mama Zuhura, saa 11:18 jioni
Tangu akiwa na miaka 14 ndiye anayefunga hesabu za duka langu, na hajawahi kupoteza shilingi. Sikuwahi kuliunganisha jambo hilo na kura mpaka leo.

Mjomba Rashidi, saa 12:25 jioni
Yule binti alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, sisi wote tukiwa kwenye viti. Nilimnusuru kwa kutumia cheo changu, wala si kwa sababu alikuwa na nguvu yoyote mle ndani. Na huo ndio ukweli.

Zuhura, bado sikubaliani na umri wa miaka 16 katika uchaguzi mkuu, na sidhani nitakubali. Katika mtaa na kijiji niko tayari kulifikiria kwa masharti matatu. Kura iwe ya hiari, kama Latifa alivyoeleza ya Brazil. Kituo kisiwe ndani ya shule, na mwalimu asimsimamie mwanafunzi wake. Na sheria iseme kwa maneno yake yenyewe kwamba ruhusa hii haibadilishi maana ya mtoto katika sheria nyingine yoyote. Ukiandika barua kwa mbunge wetu yenye masharti hayo, nitaipitia na nitatia saini.

Zuhura, saa 12:40 jioni
Nashukuru sana, Mjomba. Sharti la tatu ningependa liwe la kwanza. Nitaiandika nikimaliza mtihani, na Babu ataisahihisha Kiswahili chake kabla sijakuletea.

Babu, saa 12:44 jioni
Niandikie kwa herufi kubwa, mjukuu wangu. Na ule mtaro uutaje katika aya ya kwanza.