Mashapo ya rangi ya chungwa kwenye chembe nano za kurkumini: nakosea wapi?

mfamasia_mwanafunzi: Wakuu, salaam. Nafungia kurkumini (kiambata cha bizari ya manjano) ndani ya chembe nano za PLGA 50:50 (polima inayooza mwilini), lengo ni kupima kama inakinga ini lisiharibiwe na parasetamoli. Nayeyusha PLGA 50 mg na kurkumini 10 mg kwenye asetoni 5 ml, nadondoshea kwenye mmumunyo wa PVA (polima inayozuia chembe kushikamana) 1% 20 ml, nakoroga usiku kucha, kisha nazungusha kwenye sentrifyuji kwa nguvu ya 15,000 g dakika 30. Napima kurkumini iliyobaki kwenye maji ya juu, napata kwamba 97% imefungwa. Lakini kitako cha tyubu kina mashapo ya rangi ya chungwa, na kipimo cha ukubwa kinarukaruka. Pia, panya niwape parasetamoli kiasi gani?

chembe_nano: Mkuu, hiyo 97% usiiandike popote. Kurkumini isiyofungwa haibaki kwenye maji kwa sababu haiyeyuki humo. Inaganda kuwa fuwele, inazama pamoja na chembe, nawe ukiikosa juu unahesabu kwamba imefungwa. Hayo mashapo ndiyo fuwele zenyewe, na ndizo zinazovuruga kipimo cha ukubwa.

Asetoni ikishaisha, zungusha kwanza kwa 1,000 g dakika 10. Fuwele zitashuka, chukua maji ya juu yenye rangi ya maziwa ya manjano, hayo ndiyo uyapeleke 15,000 g. Chembe utakazopata ziyeyushe kwa asetonitrili upime kurkumini moja kwa moja, karibu na nm 425. Punguza kurkumini iwe 2.5 hadi 5 mg kwa PLGA 50 mg.

Funika chupa kwa karatasi ya alumini, maana mwanga unaiharibu. PVA iwe kwenye maji matupu: kwenye bafa (mmumunyo unaotunza pH) ya fosfati yenye pH 7.2, nyuzi 37, sehemu kubwa ya kurkumini huvunjika ndani ya nusu saa. Ukifika hatua ya kupima inavyotoka kwenye chembe, tia Tween 80 (kiyeyushi kama sabuni) 0.5% kwenye bafa. Bila hiyo, inayotoka inaganda tena na utadhani chembe hazitoi kitu. Kabla ya kugandisha na kukausha, weka trehalozi (aina ya sukari) 5%, la sivyo zitashikamana.

sumu_na_ini: Naongezea upande wa wanyama. Panya wakubwa wa maabara (rat) ni wagumu kwa parasetamoli, hata 2 g/kg inaweza isikupe jeraha la maana. Tumia panya wadogo (mouse), walale njaa, 300 mg/kg kwa sindano ya tumboni, upime ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia) baada ya saa 24. AST, kimeng'enya kingine cha aina hiyo, usiitegemee peke yake: seli za damu zikipasuka wakati wa kuchota, inapanda hata ini likiwa zima.

Kosa linalowaponza wengi ni DMSO, kiyeyushi cha maabara. Inazuia CYP2E1, kimeng'enya kinachogeuza parasetamoli kuwa NAPQI, ile sumu yenyewe. Kundi lako la kurkumini ya kawaida likiyeyushwa kwa DMSO litaonekana limekingwa, kumbe sumu haikutengenezwa. Kwa sababu hiyohiyo, usitoe dawa kabla ya parasetamoli tu. Liwepo kundi linalopewa saa 1 au 2 baadaye. Weka pia kundi la chembe tupu na la N-asetilisisteini, dawa ya kutibu sumu ya parasetamoli.

Ukidunga mshipani, angalia ukubwa. Vitundu vya kuta za mishipa midogo ya ini ni kama nm 100 hadi 150. Chembe za nm 250 zinaishia kwa seli za Kupffer (seli za kinga ndani ya ini) badala ya seli za ini zenyewe.

chembe_nano: Umenena vyema mkuu. Na kundi la panya wenye afya wanaopewa chembe zenye kurkumini bila parasetamoli lisikosekane. Marekani wameripotiwa watu walioumia ini kwa vidonge vya bizari ya manjano, vingine vikiwa vimechanganywa na pilipili manga ili kurkumini ifyonzwe zaidi, na wengi wao walikuwa na aina ya jini la kinga iitwayo HLA-B*35:01. Chembe nano nazo kazi yake ni kuingiza kurkumini nyingi mwilini, kwa hiyo pima ALT ya kundi hilo siku ileile na ya wengine.

mfamasia_mwanafunzi: Asanteni sana wakuu. Naanza upya na kurkumini 4 mg, fuwele nazitoa kwanza.